Boneti Ina Joto

Saa kumi na mbili na robo, Barani, vumbi bado limelala,
nimeweka kiganja juu ya boneti
nikakiacha pale.
Bi Barke akanitazama. Hakuuliza.
Noti zake zimo kwenye kopo la maziwa ya unga,
miaka minne ya achari na mabuyu ya rangi,
anataka gari la kumfikisha Watamu bila kumbembeleza mtu.

"Limelala hapa tangu juzi," Fundi Tsofa akasema.
"Hata mbuzi wamezaa chini yake."

Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma.
Si herufi; hizo nilikuja nazo.
Alinisimamisha nyuma ya ekzosi nina miaka kumi na saba,
ovaroli ya marehemu nduguye ikinivuka vidole,
akanikaririsha kama mtoto wa chuo:

    Mweusi una ulafi, mafuta yamezidia;
    mweupe si wa usafi, maji yameshaingia;
    buluu una hilafi: injini inajilia.

Nikasoma malori yatokayo Garsen, yanatema masizi,
yamelishwa dizeli yasiyoweza kuitafuna,
eya klina imeshiba mchanga wa njia nzima.
Nikasoma Landrova ya yule Mtaliano wa Kasarina:
wingu jeupe, zito, tamu puani kama sharubati,
na maji ya rejeta yanapungua bila tone chini.
"Hedi gasketi," nikasema,
na Tsofa akanipa spana namba kumi na saba iwe yangu.
Akanifunza pia nisiuonee mweupe:
ule mwembamba wa alfajiri, unaokatika hujamaliza mwayo,
ni umande tu, gari linapangusa uso.

Lakini wa buluu, alisema, ni mwizi mwenye saa zake.
Ukikanyaga mafuta ukatoka, ringi zimekwisha.
Ukitoka gari linapoamka tu, pumzi mbili tatu, kisha kimya,
hizo ni sili za vali: usiku kucha oili imedondoka
tone, tone, mahali isipoalikwa.
Na kuuficha ni rahisi.
Liwashe mapema, liache likohoe lote, lizime,
ndipo umwite mnunuzi.
"Kwa hiyo, Mbeyu, kabla ya ufunguo, mkono.
Boneti haijui kusema uongo."

Haijui.

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, yote makali.
Nikaviona viatu vyake, vilevile vya mwaka ule,
kisigino kimeshonwa kwa waya wa taa.
Nikasema, "Tulisukume kivulini. Tungoje lipoe."

Tukangoja.
Bi Barke akawauzia mabuyu watoto wa shule.
Tsofa akafuta kioo kisicho na uchafu,
akakifuta tena.
Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda, akarudi,
uso una maji bado, hakukaa karibu nami.

Alasiri nikaweka mkono: baridi kama tumbo la mtungi.
Nikaunyoosha kuomba ufunguo, hakunipa.
Aliingia mwenyewe, akawasha.

Ukatoka.
Buluu ya leso iliyofuliwa mno,
ukamzunguka Bi Barke miguuni, ukapanda ukuta, ukaisha.
Pumzi tatu. Nilihesabu.

Hakuna aliyesema neno mpaka Tsofa aliposhuka,
akataja bei nyingine, pungufu kwa elfu arobaini,
"na sili nitazibadilisha mimi, bila malipo."
Kisha akamgeukia Bi Barke, shingo imeinama,
kidole kinanielekea kama cha mshitaki,
ila sauti, sauti ilikuwa imesimama wima:

"Huyu nimemfundisha mimi."